Maneno ya Silvana kwenye Banda la Masanja

Jumapili, 2 Novemba 1997
Leo ni siku ya marehemu wote. Baada ya misa tumekwenda makaburini, mimi na shemeji Bertilla, mdogo wake Silvana, marehemu mke wangu. Tumepalilia, tumeweka maua, tumesimama kidogo. Bertilla ameniuliza jioni nafanya nini siku hizi. Nikamwambia nakaa. Zamani nikirudi kutoka kazini, Silvana alikuwa anavuta kigoda na kusema, "Haya, leta habari." Nami nilikuwa namwambia nani kapita barabarani, ubao gani umepasuka, mteja gani kanizungusha. Habari ndogo tu, lakini zilikuwa na pa kwenda. Bertilla akasema, "Basi andika, shemeji. Darasa la saba ulimaliza, kalamu haziuzwi kwa kibali."
Ndiyo naandika. Mawingu yapo, mvua hakuna.

Alhamisi, 6 Novemba
Masanja amekuja karakana kwangu. Ni Msukuma, alishuka bondeni na ng'ombe miaka mingi iliyopita, sasa ameuza sehemu ya kundi akanunua televisheni, deki na jenereta. Anajenga banda la video hapa hapa Katandala, nyuma ya mashine ya kusaga. Anataka mabenchi kumi.
"Siku hizi ni ruksa, fundi," kasema. "Zamani ukionekana na deki unaulizwa umeitoa wapi. Leo unaulizwa picha inaanza saa ngapi."
Nikamuuliza kama haoni uchungu kuwabadilisha ng'ombe na sanduku la kioo.
"Ng'ombe akifa nakula nyama. Hili likifa nitalia. Kwa hiyo tengeneza mabenchi imara, watu wawe wengi, nilie kidogo."
Tumekubaliana sehemu ya malipo iwe kiti changu, bure, msimu mzima. Sijui kwa nini nimekubali. Mimi si mtu wa picha.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimeranda mbao.

Jumamosi, 15 Novemba
Mabenchi yamefika bandani, na mvua imefika nayo. Ya kwanza, nzito, imekuja na upepo kutoka upande wa Mpui. Nimekaa benchi la nyuma kuangalia picha ambayo watu wameipa jina Picha ya Fundi Cherehani. Ni ya Kihindi. Kuna fundi cherehani, ana futi ya kitambaa shingoni. Ana mke mzuri mwenye nguo nyekundu. Fundi anakwenda mji wa mbali kutafuta kazi, mke anaugua, analazwa hospitali, mume anarudi kumwona, na wanasema mwishoni mke anakufa. Katikati wanaimba sana.
Kihindi hakuna anayekijua. Mbele, pembeni ya televisheni, amekaa kijana anaitwa Yonas, ana maiki. Ndiye mtafsiri. Kihindi naye hakijui. Anapunguza sauti ya kule, anasema anachoona: "Sasa huyu mama anamwambia bwana, usiende. Bwana anasema, naenda, watoto watakula nini." Watu wanaitika, "Kweli!" Watoto wenyewe kwenye picha hawapo.
Ilipofika pa hospitali nikatoka nje kama mtu anayekwenda haja. Nilisimama chini ya mchirizi wa bati mpaka ikaisha.

Jumatano, 3 Desemba
Mvua kila siku. Maharage ya Bertilla yanaoza yakiwa machanga. Redioni wanaiita Elninyo. Mteja mmoja kaniuliza huyo Elninyo ni chama kipya?

Jumanne, 9 Desemba
Barabara ya Tunduma imekatika. Malori yamelala Laela, na binti yangu Jenifer, aliyeolewa huko, hataweza kuja Krismasi. Masanja analia mapema kuliko alivyopanga: kanda zake alikuwa anazikodi Tunduma na kubadilisha kila wiki. Imembakia moja, ya Fundi Cherehani. Watu wameichoka. Jana walikuwa watano, na mmoja alikuwa amelala.

Jumamosi, 20 Desemba
Bertilla kaingia karakana ameshika mwavuli uliovunjika. "Shemeji, umekwenda bandani wiki hii?"
"Picha ile ile, nikafanye nini?"
"Picha ile ile ndiyo. Nenda ukasikilize."
Nimekwenda. Banda limejaa, watu wamesimama ukutani. Picha ni ile ile, nguo nyekundu ile ile, yule mama yuko dirishani, mvua inanyesha, anaanza wimbo wake. Yonas akapunguza sauti kabisa. Akakazia macho mdomo wa yule mama. Halafu akasema pole pole kwenye maiki:

Mvua yagonga mabati, nadhani u mlangoni,
Nachochea na vijiti, sufuria i jikoni,
Nakutengea na kiti, sogea hapa motoni,
Kumbe ni mvua ya kwetu, wewe u mbali njiani.

Watu wakasema "Aaah," kama mtu aliyewekewa kitu cha moto tumboni.
Hilo ni shairi la Silvana. Alinipa mimi, mwaka themanini na tisa, usiku niliorudi nimelowa kutoka Mpui kuezeka nyumba ya mwalimu. Alinipa taulo, akanipa uji, akanipa hilo. Mashairi alijifunza kwa kusikiliza redio, akawa anayatunga akipepeta ulezi. Nilijua ni mimi tu ninayeyasikia.
Sasa limo kinywani mwa mwanamke wa Kihindi mwenye rangi ya mdomo. Na yule mwanamke analisema vizuri. Hilo ndilo lililoniuma. Anainua macho pale pa "kumbe" kama vile analijua tangu utotoni.

Jumapili, 21 Desemba
Kanisani sikusikia mahubiri.

Alhamisi, 25 Desemba
Krismasi. Nimekula kwa Bertilla. Mtoto wa jirani alikuwa anaruka kamba uani huku anaimba, "Kumbe ni mvua ya kwetu." Nikaweka kijiko chini. Bertilla akasema, "Ni zuri tu, shemeji. Dada anazunguka mji mzima."
"Hakuwahi kuzunguka mji akiwa hai," nikamjibu.
"Labda alitaka."
Sikumaliza chakula.

Jumamosi, 3 Januari 1998
Nimekwenda tena. Najiambia nakwenda kukagua mabenchi. Safari hii ni pale yule mama yupo kitandani hospitali, mume amekuja kumwona, amesimama na futi yake shingoni. Yonas akasema:

Ana futi mfukoni, kila mbao aipima,
Ya dari na ya mezani, mara tatu husimama,
Akishafika wodini, hajui pa kutazama,
Futi yake ina namba, haina ya kunipima.

Watu wamecheka, kisha wakanyamaza. Hakuna aliyejiuliza fundi cherehani anapima mbao za nini, wala kwa nini futi iliyo shingoni inaitwa ya mfukoni. Mimi nilipeleka mkono mfukoni. Ilikuwepo.
Shairi hili sikuwahi kulisikia. Alikuwa anaumwa, mimi nipo mbele yake nimeshika kofia, na yeye kichwani anatunga habari zangu. Halafu akampa nani? Alimpa kijana wa maiki. Alimpa lini? Wapi?
Nimeandika hadi mkono umekufa ganzi, nikachana karatasi. Yaliyobaki ni haya.

Jumatano, 7 Januari
Nimemngoja Yonas nje ya banda, mchana, kabla watu hawajaja. Alikuwa anafuta matope mlangoni.
"Shikamoo, fundi."
"Marahaba. Yale mashairi umeyatoa wapi?"
"Mbona unaniangalia kama nimeiba ubao?"
"Nimeuliza."
Akaegemeza fagio. "Wodini. Mwaka jana, mwezi wa tano na wa sita. Mama yangu alilazwa na mguu, kitanda chake na cha mkeo, Mama Jeni, viliangaliana. Mimi ndiye niliyekuwa namuuguza mama, nalala chini ya kitanda. Mama Jeni mikono ilikuwa inatetemeka, hawezi kuandika. Akawa ananiambia, 'Yonas, nishikie hili.' Ananisemesha mpaka nipatie. Nikikosea ananipiga na mfuniko wa kikombe."
"Na mimi nilikuwa wapi?"
"Wewe ulikuwa Mpui, fundi. Ulikuwa unakuja Jumamosi."
Ni kweli. Wafanyabiashara wa mahindi walikuwa wanajenga maghala kwa pupa, kila mmoja anataka bati lipande kabla ya mavuno. Nikajiona mwanaume wa maana, napata kazi kuliko wakati wowote. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa wa wodi nzima. Mimi nilipewa saa ya kutazamia wagonjwa.
Nikamuuliza Yonas, "Alikwambia uyaseme kwenye video?"
"Video hatukuwa nayo. Alisema tu shairi likikosa msikilizaji linamkaa kifuani kama kikohozi. Nikamwona huyu mama wa kwenye picha anafungua mdomo, hana neno. Na mimi nina maneno, sina mdomo wa kuyasemea. Nikayaweka pale."
Kijana ana miaka kama ishirini na mitano. Ana mwanya. Namchukia, na hanipi sababu.

Jumamosi, 17 Januari
Mvua. Nimekwenda bandani. Shairi la mvua, shairi la futi, na moja jipya kuhusu paka wa hospitali. Nilicheka kabla sijakumbuka kuwa nina hasira.

Jumamosi, 24 Januari
Nimekwenda.
Kitu kimoja nimekigundua. Picha haibadiliki. Yule mama hugeuka upande ule ule, chozi hutoka jicho lile lile la kushoto. Lakini siku Yonas akimpa shairi la mvua anakuwa mke anayengoja, na siku akiupa wimbo ule ule shairi la paka, chozi lile lile linakuwa la kicheko. Mimi nilidhani picha ndiyo inabeba maneno. Naona ni maneno yanayoiburuta picha kama toroli.
Ningekuwa na Silvana ningemwambia hili jioni. Angeniuliza, "Na huyo mama mwenyewe ni mzuri?" Ningesema hapana.

Jumatano, 11 Februari
Siku mbaya. Nimepita kilabu cha pombe ya ulezi kukwepa mvua. Walikuwepo mafundi wenzangu na Leonsi muuza nyama. Nilikuwa nimechomoa futi kupima mlango wa kilabu, mwenye kilabu anataka fremu mpya. Leonsi akapaza sauti: "Fundi Isdori! Hebu angalia vizuri hiyo futi, ina namba ya mke?"
Wakacheka wote. Mwingine akadakia, "Mara tatu husimama!" Wakagonga meza.
Hawakuwa na nia mbaya. Hawajui. Kwao ni maneno ya kwenye picha, ya fundi cherehani wa India. Ningecheka nao ingeisha. Badala yake nilitoka na mvua yangu, nikaenda moja kwa moja bandani kwa Masanja.
"Masanja, yale mashairi yaishe."
"Mashairi gani tena, mzee wangu?"
"Ni ya mke wangu. Yaishe, la sivyo nachukua mabenchi."
Akanitazama sana. Hakukasirika; angekasirika ingekuwa afadhali. "Chukua, fundi. Watu watakaa kwenye matope. Lakini watakuja."
Nikabeba benchi moja. Benchi langu mwenyewe, la mbele, refu kuliko upana wa njia. Nimelibeba begani toka mashine ya kusaga mpaka nyumbani, mvua inapiga, watu wananisalimia, "Pole na kazi, fundi," nami naitikia, "Asante." Mlangoni likakataa kupita. Nimeligeuza, nimelisimamisha, likaingia. Limejaza sebule yote. Nimelikalia peke yangu, nafasi ya watu sita.

Ijumaa, 13 Februari
Nimeruka benchi mara nyingi kwenda jikoni. Mguu umepata jeraha.

Jumamosi, 21 Februari
Bertilla kaleta habari: Yonas ameacha mashairi. Masanja alimwambia aendelee, akasema hapana, fundi mwenyewe amekataa. Amerudia ya zamani, "sasa huyu mama anamwambia bwana."
"Umefurahi?" Bertilla kaniuliza. Amekaa kwenye lile benchi, mwisho kabisa, kama abiria.
Nikasema nimefurahi.
"Basi ubaki na benchi lako, shemeji. Dada umemzika tena."
Maneno makali. Bertilla si mtu wa maneno makali.

Jumatano, 25 Februari
Jumatano ya Majivu. Kwaresima. Wengi wameacha video mpaka Pasaka, na wengine wameacha kwa sababu haina ladha. Nami nilikwenda, pamoja na majivu kwenye paji. Tulikuwa wanne. Yule mama akasimama dirishani, akafungua mdomo. Yonas akasema, "Hapa anaimba kuhusu mvua."
Basi. Anaimba kuhusu mvua.
Nilimtazama yule mwanamke tangu mwanzo mpaka mwisho wa wimbo. Ni mwanamke wa Kihindi mwenye nguo nyekundu. Hamjui Silvana. Hajawahi kumjua. Wivu wote ule, miezi miwili, nilikuwa namwonea mtu aliyekuwa ameazimwa tu, kama tunavyoazima sufuria kubwa siku ya msiba. Amerudisha. Sasa mimi nina nini? Nina shairi moja na nusu kichwani, na sauti yake naanza kuisahau. Namkumbuka anavyochambua mchele, anavyopuliza chai. Sauti inakimbia.

Alhamisi, 19 Machi
Mtakatifu Yosefu, msimamizi wetu mafundi. Baada ya misa nimelirudisha benchi. Masanja alinifungulia mlango bila swali, akashika upande mmoja.
Nikamwambia Yonas aendelee.
"Kweli, fundi?"
"Endelea. Yaseme yote."
Akajikuna shingo. "Yote sijawahi. Kuna la mwisho. Alilisema siku mbili kabla hajafariki, akanishikisha kama mengine. Nakumbuka nilipata sawasawa, hakunipiga. Lakini sasa nikikaa hivi halinijii. Haya mengine yananijia nikiuona ule mdomo. Hilo nadhani ni la wimbo wa mwisho."
Wimbo wa mwisho ni ule ambao hakuna aliyewahi kuuona. Yule mama akishakufa, watu husimama, na Masanja huzima jenereta kuokoa mafuta.
"Mwambie Masanja asizime."
"Mafuta hayatoshi, fundi. Barabara ikifunguka."

Jumapili, 12 Aprili
Pasaka. Jua, la kwanza la maana tangu Novemba. Majani ya mahindi yaliyopona yanang'aa.

Jumanne, 14 Aprili
Barabara imefunguka. Malori matatu yamepita asubuhi yakielekea mjini, matope mpaka kwenye vioo. Wanawake walipiga vigelegele kana kwamba ni harusi.
Masanja amepata mafuta, na ujumbe wa mwenye kanda wa Tunduma: airudishe na lori la Jumapili, atapewa mpya za kupigana. Miezi mingi nimeomba ile kanda ipotee. Sasa ina siku chache.
Nimemwendea Masanja. Nimemwomba Jumamosi aonyeshe mpaka wimbo wa mwisho. Kisha nikaomba jambo jingine, na nililiomba huku naangalia chini: onyesho hilo liwe langu. Mlango ufungwe. Mimi na Yonas tu.
"Watu wamesikia ni siku ya mwisho, fundi. Watakuja toka Mpui."
"Waje la pili. La kwanza nipe mimi. Ni mke wangu."
Akapumua. "Nilikuwa na mke akaniacha, akaondoka na ng'ombe sita. Sijawahi kumtaka kiasi hicho. Haya, nimekupa."

Jumamosi, 18 Aprili
Naandika taratibu, nisiache kitu.
Saa nane mchana Masanja alinifungia ndani. Mabenchi kumi, mimi mmoja. Nilikaa katikati, la pili kutoka mbele. Nje nilisikia watu wameshaanza kujaa, wanaongea, mtoto analia, manyunyu yanaanza. Yonas akawasha.
Kanda imechoka, inatoa mistari myeupe. Yule mama akaja dirishani. Yonas akavuta pumzi, akasema shairi la mvua. Yalikuwa maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, na yalikuwa makavu. Alipofika "kumbe" hakukuwa na mtu wa kusema "Aaah." Mimi sikuweza kusema peke yangu. La futi alilikosea mstari wa pili, akarudia. La paka akaliacha njiani. Mara akasimamisha deki, yule mama akaganda amefungua mdomo nusu.
"Fundi, hayaji."
"Jaribu tena."
"Hayaji. Wodini tulikuwa kumi na wawili. Akisema, yule wa kitanda cha mlangoni anaguna, mama yangu anapiga makofi, muuguzi anasema kelele. Ndiyo nilivyoyashika. Nikikuona wewe peke yako naona nakupelekea barua ya msiba."
Nilikaa. Nje watu walikuwa wanamtania Masanja: "Wewe Msukuma, umemfungia fundi na Mhindi?" Kicheko. Nilichokitaka nilikuwa nacho, mlango umefungwa, hakuna mwingine. Na hakikuwepo.
Nikasimama, nikaenda mlangoni, nikagonga kwa ndani. Masanja akafungua.
"Waingize," nikasema. "Wote."
Wakaingia wakisukumana, wamelowa, wananuka moshi na sufu. Bertilla aliingia na wenzake anaouza nao mitumba. Leonsi muuza nyama akaja akakaa karibu yangu akaniuliza limeanza? Nyuma yao akaja mama mmoja mzee anatembea na fimbo, watu wakampisha. Yonas alishuka akamshika mkono, akamkalisha upande wangu wa kulia. "Mama yangu," akaniambia. Nikamwamkia. Akanijibu kwa Kifipa, kirefu, kwa utaratibu wote, mpaka afya ya kuku wangu.
Yonas akarudisha kanda mwanzo.
Sitaandika yote. Pale pa "kumbe" banda zima likaguna, na mimi nimo. Pa futi Leonsi alinipiga kiwiko, nikacheka, akacheka. Nikamwambia, "Ni mimi huyo." Hakuelewa, au alielewa, kwani baadaye alinipa nusu ya muwa wake.
Yule mama akafa. Watu wakasimama, Masanja akapaza sauti, "Kaeni, leo hatuzimi." Ndipo tukauona wimbo wa mwisho. Ni mume. Amerudi nyumbani, hakuna mtu, anakwenda jikoni, anashika bakuli, anaimba. Sikuwahi kujua kwamba yule naye anaimba. Yonas alimtazama muda mrefu, mpaka nikadhani limepotea. Kisha:

Jirani wa kitandani, uji wako nimekunywa,
Kijiko hadi kinywani, kama mtoto kulishwa,
Sina kitu mikononi, ni neno nimebakizwa,
Neno hili ni la kwako, hata wengi wakipewa.

Mbele mwanamke alikuwa analia waziwazi. Wao waliona mume anamshukuru marehemu mkewe. Lakini mimi nilijua Silvana hakuwa na mume kichwani aliposema jirani. Mwezi mzima nimelisubiri neno la mwisho la mke wangu, na halikuwa langu. Nilihisi ule moto wa Desemba unapanda tena, mkali kuliko wote. Nikageuka kulia.
Yule mama mzee alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Mabega yanatikisika.
Picha ilipoisha watu walitoka kwa shangwe, na Yonas alibaki kukunja nyaya. Njia ya kwao ni ya kushuka, utelezi mtupu. Nikamwambia nitamsindikiza mama. Anaitwa Kristiana. Tulikwenda hatua moja moja, yeye na fimbo upande mmoja, bega langu upande mwingine.
"Sikujua alinitungia," akasema. "Siku hiyo walikuwa wamenichukua kunisafisha mguu. Nilirudi nikakuta Yonas anarudiarudia kitu, wakanyamaza."
"Ulikuwa unamlisha?"
"Mkono wake ulikuwa haufiki kinywani. Ningefanyaje, nimwangalie?" Akasimama kupumua. "Na nilikuwa namwonea wivu, nakwambia kweli. Jumamosi ikifika anaomba kitana. Mimi nina Yonas tu, mwanaume wangu alikuja mara moja kuuliza funguo ya ghala. Yeye tangu asubuhi anatazama mlango. Ukiingia ananikonyeza, kwamba umeona? Kaja. Kisha wewe unasimama pale na kofia yako kama mtu aliyeitwa na hakimu. Tulikuwa tunakucheka mpaka Jumanne."
Matope yalikuwa yananata viatuni.
"Na wewe je," akauliza, "alikuachia lipi? Ambalo Yonas hana?"
Nikafikiri. Nikasema lipo moja. La kabla hatujaoana, alinipa kwenye njia ya kisimani.
"Fupi?"
"Ubeti mmoja."
"Basi kaa nalo," akasema Mama Kristiana, akanikaza bega maana tulikuwa tumefika penye mteremko. "Usimpe Yonas. Atalitia kwenye picha za kupigana."
Nimefika nyumbani, nimewasha moto, nimeandika haya yote. Hilo moja sikuliandika.